Dada Ufutio na Radi za Mshtarii

Kuna watu waliozaliwa kutawala, wengine kuimba, na mwanamke huyu, kwa rehema za ofisi yake, alizaliwa kufuta. Ndivyo walivyoona wenzake kazini. Walimwita Dada Ufutio tangu wiki ya kwanza, wakasahau kabisa kama aliwahi kuwa na jina. Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye chumba cha mwisho cha taasisi ya anga, kati ya stoo ya mafagio na choo ambacho mlango wake haukufunga, akifuta madoa kwenye picha za Mshtarii.

Mshtarii, kwa asiyejua, ni sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu. Haina ardhi ya kukanyaga. Ni gesi tupu na mawingu juu ya mawingu, na dhoruba zake zikianza hazina haraka ya kwisha. Chombo kilichokuwa kikiizunguka kilituma picha, na picha zilifika chafu, kwa sababu huko juu kuna chembechembe zinazoipiga kamera bila adabu na kuacha vidoa vyeupe. Dada Ufutio ndiye aliyevisafisha. Kanuni ilibandikwa ukutani mbele ya pua yake: picha huja mbili mbili, zimepishana kwa sekunde chache, chochote kilichomo kwenye moja na hakimo kwenye nyingine ni takataka, kifutwe.

Kanuni hiyo aliiandika Profesa mwenyewe, mkuu wa taasisi, mtu mwenye akili nyingi kiasi kwamba hakuona sababu ya kutumia ya mwingine. Alikuwa amejizolea sifa kwa kitabu kinene kilichothibitisha kwamba kaskazini ya Mshtarii ni shwari, hakuna radi hata moja. Ushahidi wake? Picha mia nane za upande wa usiku, zote safi kama sahani ya mgeni. Wageni wakija aliwapitisha mlangoni kwa Dada Ufutio, akamwonyesha kwa kidole, akasema huyu ndiye anayetusafishia, kisha msafara ukaendelea kabla mama wa watu hajamaliza kuitikia salamu ambayo hakupewa.

Mikataba yake ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukielekea kwisha alikaa roho juu. Safari hii, hatimaye, Profesa alitangaza kwamba barua yake ya ajira ya kudumu imeshachapwa, imebaki saini tu, nayo itawekwa Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo picha mbichi, yaani zile za asili kabla hazijasafishwa, zingefutwa zote kwenye mashine ili kupata nafasi. Nani ana haja na takataka za miaka kumi na moja? Na aliyepewa heshima ya kuzifuta, bila shaka, ni mwenye kipaji chake.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana yake ilikuwa uani. Jirani alikuwa amelalamika kwamba mwanga wa kuchomelea unamuumiza macho, basi fundi akatundika shuka kuukuu lenye matundu, akaendelea na geti lake nyuma ya shuka. Jumanne jioni Dada Ufutio alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni akimenya vitunguu na kutazama tu, kwa kukosa la kutazama. Penye matundu mwanga ulipenya ukawa kidoa kikali kama ncha ya sindano. Penye kitambaa ulitanda, duara pana lililofifia pembeni, likawaka na kupotea kabla hajapepesa macho. Kisu kikasimama mkononi.

Maana maduara hayo alikuwa anayajua. Alikuwa ameyafuta kwa mamia, akijiuliza tu mbona takataka nyingine zimenenepa. Chembe ikiipiga kamera huacha kidoa kikali. Kinachowaka chini ya mawingu hutanda. Na radi haikai ikasubiri picha ya pili. Kanuni ya Profesa iliandikwa kwa ajili ya picha za upande wa mchana, ambako cha kupigwa picha hutulia mahali pake. Zilipoanza kuja za usiku, hakuna aliyejisumbua kuibadilisha, na tangu hapo radi yoyote iliyothubutu kupiga kaskazini ilikuwa takataka kwa sheria. Kitabu kizima cha ushwari kilikuwa kazi ya ufutio.

Alimweleza mumewe palepale uani. Fundi, ambaye maneno huyatoa kwa kupimwa, aliuliza itakuwaje akinyamaza. Alimjibu kwamba barua itasainiwa.

"Na radi zenyewe?"

"Zitakuwa hazijawahi kupiga."

Fundi alimtazama, akashusha ngao yake usoni, akarudi kwenye geti. Baada ya miaka ishirini ya ndoa alijua mkewe akishaongea kwa sauti ile, ushauri ni kupoteza gesi bure.

Tusimpambe: aliogopa sana. Alikuwa na watoto wawili shuleni, mgongo uliokwisha kuanza kumsumbua, na ujuzi wa kazi moja tu ambayo hakuna kiwanda wala duka linaihitaji. Jumatano na Alhamisi alifungua picha mbichi moja baada ya nyingine, akahesabu radi mia nne na kumi na sita. Karibu zote zilikuwa kaskazini, pale pale kwenye ushwari wa kitabu.

Alhamisi alasiri alipiga moyo konde, akaingia kwa Profesa na picha chache mkononi. Alisikilizwa kwa upole mkubwa, upole ule wa mtu anayemsubiri mtoto amalize kueleza ndoto. Aliambiwa amechoka, aliambiwa macho yakizidiwa huona mengi. Kisha Profesa akaitazama picha ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaitazama mno. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alifungua droo, akatoa barua, akailaza mezani kati yao.

"Dada yangu, hii hapa. Kesho zifute hizo picha, halafu uje uichukue."

Ijumaa asubuhi Dada Ufutio alikaa mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakufuta kitu. Aliziweka radi zote pamoja, kila moja na tarehe yake na mahali pake, akazituma kwa kila mtafiti ambaye taasisi ilikuwa ikimpelekea picha safi. Aliandika kwamba hizi ni radi, kwamba amezifuta yeye kwa mkono wake akifuata kanuni, na kwamba za asili bado zipo, wazidai leo. Kufika saa nane mchana zilikuwa zimedaiwa na taasisi tisa, na kuzifuta haikuwezekana tena bila aibu ya dunia. Kufika saa kumi alikuwa amemwaga unga, kwa kosa la kutoa nyaraka bila idhini. Barua hiyo ya pili, ya kumfukuza, ilisainiwa kwa kasi ya kupendeza.

Miezi miwili haikupita, Profesa akawa mtume wa dhoruba. Alijitokeza redioni akieleza jinsi alivyokuwa akizihisi siku zote, na kwamba anaandaa makala kubwa, ila kwa bahati mbaya kazi ilikwamishwa kwa miaka mingi na makosa ya mfutaji. Mfutaji alisikia hayo akiwa uani na brashi mkononi, akimsaidia mumewe kupaka geti rangi, vibaya. Alilia. Si kwa ajili ya kazi. Kazi alikwisha kuililia. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ilikuwa yake.

Bahati nzuri, kutenga radi na vidoa kulihitaji jicho, na jicho lilikuwa limefukuzwa. Profesa aliajiri wataalamu watatu. Mmoja alihesabu radi moja ambayo ikaja kugundulika kuwa alama ya kidole kwenye kioo cha kompyuta. Wakaguzi wa makala wakairudisha. Simu ikalia kwa fundi wa kuchomelea, na sauti nzito ikaomba kwa adabu kuongea na mke wake, ikamweleza kwamba taasisi inamkumbuka sana.

"Sawa," alisema. "Redioni ulisema ni makosa ya mfutaji. Ile kanuni aliiandika nani?"

"Mimi," Profesa akasema.

"Iandike hivyo kwenye makala, nikiisoma nakuja."

Ilichukua siku kumi na tatu. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa rasimu ya makala, kwa herufi za kusomwa na chungu: kanuni iliyofuta radi hizi ilitungwa na mwandishi wa kwanza, na zilitambuliwa na mfutaji. Alirudi kazini Jumatatu, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Seti ya kwanza aliyofungua ilikuwa na radi tatu, na aliziacha zote.