Kamba ya Mgomba na Siku za Baba Mlimani

Enzi zetu, sisi tulioanza shule na sweta za kurithi na sketi zilizokunjwa pindo mara tatu, hali ya hewa haikuja kwenye simu. Ilikaa juu ya vichwa vyetu mchana kutwa, na jina lake lilikuwa Kibo, kile kilele cha theluji cha mlima wetu. Ukiamka pale Marangu, ukifungua mlango tu unainua macho. Kibo ikionekana yote, nyeupe mpaka inaumiza macho, unakwenda shule ukijua utarudi mkavu. Ikijifunika mawingu, unakata jani la mgomba la kujikinga. Na ikipotea siku tatu mfululizo, watu wazima walianza kuongea kwa sauti ya chini, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake huko juu.

Nayaandika haya Jumapili alasiri, jikoni kwangu Rooty Hill, huku ughaibuni, na simu haiachi kutetemeka mezani. Onyo: tufani ya theluji kwenye milima ya kusini. Onyo: upepo mkali. Onyo: msisafiri ila kwa lazima, na kila gari libebe minyororo ya matairi. Binti yangu Aika, wa miaka ishirini, yuko huko tangu Ijumaa na wenzake watatu wa kwaya ya vijana ya Blacktown. Wamekwenda kuona theluji. Walisema watarudi leo. Tangu asubuhi nampigia hapatikani, na kuliko kuendelea kuizunguka meza kama mwendawazimu, nimeona nikae niwasimulie wa rika langu, maana ninyi angalau mtanielewa.

Baridi ya kwetu ya mwezi wa saba msiniulize. Watoto wa siku hizi wanawasha hita mpaka wanabaki na kaptula, halafu wanafungua dirisha eti joto limezidi! Sisi hita yetu ilikuwa ng'ombe. Waliolala nyumba ya bibi wanajua: ng'ombe upande ule, moto katikati, watoto upande huu tumebanana, na harufu ya moshi, maziwa na samadi ikikufuata mpaka darasani. Mwalimu hakuuliza, maana na yeye alinukia hivyo hivyo. Asubuhi ulikunywa uji wa moto ukaubabua ulimi, ukatoka mbio miguu mitupu kwenye majani yenye umande wa baridi, na ulipofika shuleni vidole vya miguu na vya mikono ulikuwa huvisikii tena. Hapo ndipo mwalimu anakuambia ushike chaki.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuteleza. Mvua ikishanyesha, unachuna gamba pana la mgomba, unalikalia, mwenzako anakusukuma, na unashuka na tope lile jekundu mpaka mferejini ukipiga makelele. Mama alisimama juu ya kilima akapaza sauti: "Manka! Sketi hiyo ukiirudisha na tope, utakwenda nayo kanisani hivyo hivyo!" Na kweli nilikwenda nayo, Jumapili mbili. Juzi Aika kanionyesha picha ya kibao cha plastiki ambacho wangekodi huko mlimani ili wakalie wateleze. Nikamwambia, mwanangu, hicho nilikuwa nacho nikiwa darasa la pili. Akanitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wazee wa pale kazini ninapowauguza wakianza kunisimulia habari za farasi wao.

Baba yangu alikuwa mpagazi. Baadaye akawa mwongoza wageni, lakini ninayemkumbuka zaidi ni yule mpagazi, shingo nene kwa kubeba mizigo kichwani, makoti mawili ya kupewa, na soksi alizozifuma Mama kwa uzi wa rangi tatu kwa sababu uzi wa rangi moja uliisha. Alikuwa mtu wa maneno machache ila kwa habari za mlima. Hapo hakunyamaza. Usiondoke na njaa. Usivae nguo mbichi. Ukiona mwenzako anaanza kuongea ovyo, mteremshe, usibishane naye. Na kila mara alimalizia na hili, akinyoosha kidole juu bila hata kutazama: "Mlima ule hauhami. Ukigeuka leo, utaukuta." Alipokuwa mwongoza, wageni wengine walikasirika akiwageuza, wametoka mbali na wamejiandaa mwaka mzima. Aliwageuza tu.

Sasa, kabla ya kila safari, kwetu kulikuwa na jambo moja. Baba akishafunga mzigo, Mama anamuuliza, "Siku ngapi?" Baba anajibu, tuseme sita. Mama anachukua kamba ya mgomba mkavu, anafunga mafundo sita, anaitundika kwenye msumari pembeni mwa mlango. Kila jioni ng'ombe akishakamuliwa, linafunguliwa fundo moja. Kamba ikinyooka na Baba hajatokea, asubuhi yake Mama anakwenda kwa majirani, na wanaume wanapanda kumtafuta. Hapakuwa na karatasi ya kujaza wala mtu wa kumpigia. Kamba ndiyo ilikuwa ofisi yetu.

Mwaka niliotimiza miaka minane Mama alijifungua mdogo wangu Eliya. Mnajua uzazi wa kwetu: mama hatoki ndani, hashiki jembe, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama mpaka anenepe. Shangazi alikuwa anakuja kupika na kuondoka. Mama huko ndani, dirisha limezibwa baridi isimguse mtoto, hakujua Jumatatu wala Alhamisi. Kwa hiyo kamba nikakabidhiwa mimi. Jamani, nilivyoringa! Niliwaambia shule nzima.

Baba, ambaye mwaka ule alishaanza kuongoza wageni, aliondoka akaacha mafundo sita. Siku ya pili Kibo ikapotea. Siku ya tatu mvua, na ile baridi inayokwambia kwamba kinachonyesha huku kama mvua, kule juu ni theluji. Nilimtaka baba yangu. Nikasimama mbele ya ile kamba nikaitazama, na akili yangu ya miaka minane ikaniambia kitu ambacho mpaka leo nakiona kina mantiki: kinachomchelewesha Baba ni haya mafundo. Yakiisha, atakuja. Jioni ile nikafungua moja la siku, halafu nikafungua na mengine mawili.

Kesho yake jioni nikafungua lililobaki, kamba ikanyooka, nikakaa mlangoni kumsubiri. Hakuja. Asubuhi ya siku ya tano Mama akauliza kutoka ndani, "Manka, imebaki mangapi?" Nikasema hakuna. Halafu nikamsikia akishuka kitandani, yeye ambaye hakutakiwa kushuka. Alitoka mpaka kwenye ua na shuka begani, akamwita jirani yetu Baba Ndesi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Walipanda watu watano kwenye mvua ile, na mablanketi, na kamba, na chupa ya chai. Wapagazi aliopanda nao Baba safari ile walitoka vijiji vingine, kwa hiyo hapakuwa na wa kusema jamani, mbona siku hazijatimia. Aliyejua ni mimi peke yangu. Nilisimama nyuma ya mgomba nikawaona wakiishilia kwenye ukungu, Baba Ndesi mbele na viatu vyake vya kanisani kwa sababu hakuwa na vingine, na kinywa changu kikakataa kufunguka. Wenzangu, nimefanya makosa mengi maishani, lakini ule woga wa asubuhi ile ndio naujutia kuliko yote.

Mchana nilimwambia Mama. Nililia mpaka nikatapika. Hakunipiga, alikuwa ananyonyesha. Alinitazama tu, akasema, "Omba Mungu warudi wote."

Walirudi wote kesho yake, siku ya sita, siku yenyewe hasa ambayo Baba alisema atarudi. Walimkuta kibanda cha kwanza, mzima kabisa, anakausha soksi. Alikuwa amewageuza wageni wake theluji ilipozidi, wanateremka taratibu. Watu walicheka njia nzima kurudi, mpaka walipofika nyumbani na Baba Ndesi akaanza kukohoa. Alilala wiki mbili kwa kifua.

Baba alinikuta chini ya kitanda. Hakunitoa kwa nguvu. Alikaa sakafuni, na makoti yake mawili yamelowa, akaongea na miguu yangu. "Fundo halimleti mtu, Manka. Fundo ni la ninyi mnaobaki. Linawaambia lini muanze kuogopa. Kabla ya hapo kuleni, laleni, chezeni. Ukilifungua mapema umewapa watu hofu ambayo si yao." Kisha akaniambia nikakate jani la isale.

Wa kwetu mnajua isale, ule mmea wa mipakani. Ukimkosea mtu, unalifunga jani lake fundo, unampelekea, na akilipokea basi yamekwisha. Nilikwenda nalo kwa Baba Ndesi peke yangu, nimelishika kwa mikono miwili. Alijiinua kwenye kiwiko, akakohoa, akalipokea. Akasema, "Basi, mama. Viatu ndivyo vilivyoumia." Aliniita mama, mimi mtoto wa miaka minane. Nilitoka pale nikalia upya.

Ijumaa asubuhi, Aika anapakia mabegi, nilimsimamisha mlangoni. Nikamuuliza: minyororo ya matairi? Wataikodi njiani, mji wa Cooma. Mablanketi? Yapo. Chakula cha kubaki ndani ya gari? Akaguna. Nikampa chapati kumi na mbili. Dizeli ya kawaida inaganda huko juu, mnajaza ya milimani? Mwenzake kashasoma. Na barabara ikifungwa? Akanijibu kwa Kiingereza chake, kwa upole, kwamba ataniwashia ramani kwenye simu nimwone kila alipo. "Siku ngapi?" nikamuuliza. Tatu. Nikachukua uzi wa kufumia, maana Rooty Hill mgomba hakuna, nikafunga mafundo matatu mbele yake, nikautundika kwenye kitasa cha dirisha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilimweleza kisa chote, cha Baba, cha Baba Ndesi na viatu vyake, na katikati aliacha kucheka. Alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake.

Ijumaa jioni nikafungua moja. Jana jingine, na ramani ikanionyesha kidoti chake kimetulia Jindabyne, mji ule ulio chini ya milima. Leo asubuhi kidoti kikapotea. Kimebaki kivuli cha kijivu kinachosema hajulikani tangu saa nne. Teknolojia yenyewe ndiyo hiyo! Imenionyesha mtoto wangu siku mbili nilipokuwa sina haja, na siku ninayomtafuta imenikimbia.

Saa kumi na mbili kasoro nimeacha kuandika, nimesimama dirishani. Nje giza linaanza kuingia, majirani wanaingiza magari, na uzi una fundo moja. Zamani niliyafungua ili mtu wangu aje haraka. Leo nimelishika fundo na sitaki lifunguke, kwa sababu likifunguka, muda wa kuogopa umefika rasmi, na sina Baba Ndesi wa kumwita. Nikasema, Bwana, si huyu. Nikaweka ukucha kwenye uzi.

Simu ikalia. Ujumbe. Mtoto anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule, ameniandikia hivi: "Mama usiogope. Barabara wamefunga. Tulifika nusu tukageuka, mimi nilisema tugeuke, wengine walikasirika. Simu ilikuwa haina mtandao huko. Tuko Jindabyne kwenye chumba ile ile. Chapati zimebaki nne. Tafadhali funga fundo ingine moja."

Nilikaa chini. Pale pale sakafuni kama baba yangu, nikalia na simu kifuani.

Kuna mengi ya siku hizi nayabeza, na nitaendelea kuyabeza, kaptula mbele ya hita na vibao vya kukodi vya kutelezea. Natamani hata lile tope jekundu, na sauti ya Mama juu ya kilima. Lakini baba yangu alipanda mlima ule miaka yote, na katika miaka yote hiyo, theluji ikimzuia, hakuwa na njia ya kumwambia Mama aongeze fundo. Kamba ilinyooka tu, na Mama akasimama mlangoni akitazama mahali Kibo ilipokuwa. Mara ngapi alisimama hivyo nikiwa nateleza kwenye tope, sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Nikainuka, nikafunga fundo jingine, nikalikaza. Kisha nikamenya ndizi za mtori wa kesho.