Nzi wa Shadi na Meno ya Emmah

Binti yangu Emmah akiongea nami kwa simu ya vidio huiegemeza simu kwenye kopo la gundi, halafu anaendelea na kazi. Kwa hiyo mimi nikiwa huku Riyadh naona vidole vyake kuliko uso. Napenda hivyo. Uso wa mtu mzima unaweza kukudanganya, vidole si rahisi.

Anafunga nzi bandia. Ni ndoana ndogo inayozungushiwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu au kisamaki, kisha inauzwa ng'ambo kwa watu wanaovua kwa kujifurahisha. Karakana iko Kangemi, Nairobi, na kabla sijaja Saudia kiti anachokalia kilikuwa changu. Nzi wetu wengi walikuwa wa samaki anayeitwa shadi. Hatukumwona hata siku moja. Tuliambiwa ni samaki wa Amerika, hutoka baharini akapanda mto kwenda kutaga, na njiani hali kitu. Samaki huyo humuuma nzi kwa hasira tu, kwa sababu nzi anang'aa mbele ya macho yake. "Huyo samaki ni mama mkwe wangu kabisa," mwenzetu Bonface alikuwa akisema, na meza nzima inacheka.

Nilipoanza, nzi wa shadi alikuwa kitu chepesi: mwili wa uzi wa fedha, nywele nyeupe kidogo mgongoni, na mbele ushanga mmoja mwekundu wa kioo. Baadaye oda zikaja na macho, vishanga viwili vya chuma tulivyokata kwenye mnyororo kama ule wa kizibo cha sinki. Kisha zikaja rangi, waridi kali na kijani cha fulana za wajenzi wa barabara, maana wateja walisema maji ni machafu na samaki haoni. Nywele nyeupe zikapotea. Niliondoka wakati huo. Sasa wateja wanataka nzi azame haraka, afike chini mkondo ukiwa na nguvu. Kwa hiyo kabla ya uzi, ndoana inazungushiwa kwanza waya wa risasi, ile metali laini nzito.

Kitu kimoja hakikubadilika. Pale mezani uzi ulikatwa kwa meno. Mikasi ilikuwepo, lakini kuuokota mkasi na kuuweka chini ni muda, na malipo ni ya dazeni. Ukimwona msichana anatumia mkasi, unajua ni mgeni.

Huku nafanya kazi katika nyumba moja mtaa wa Suwaidi, kwa madam Lina na mumewe Hamad. Mwaka huu madam alishika mimba, na mimi ndiye humsindikiza kliniki kule Sulimaniyah. Siku moja daktari alimtazama machoni, akamuuliza ule wanja ameutoa wapi. Madam akasema ni wa mama yake wa Jeddah, huusaga mwenyewe. Daktari akamwambia auache leo, una risasi. Kwa Kiarabu risasi ni rasas, kwa hiyo nilielewa mapema. Akaeleza polepole kwamba ikiingia kwa mama inapita hadi kwa mtoto tumboni, na inaweza kuharibu ubongo wake. Madam alilia garini. Nilimhurumia yeye. Kangemi sikuifikiria.

Tulipokwenda Jeddah kwa mama yake, maneno yalikuwa makali.

"Nimewapaka nyinyi wote tangu mkiwa wachanga," mama yake alisema. "Nani kati yenu hana akili? Labda Hamad, na huyo sikumzaa mimi."

Madam hakucheka. Aliuchukua mkebe wa wanja akanipa. "Rispah, tupa. Yalla, haraka."

Mchana ule vyombo vikiwa vimekwisha na watu wamelala, nilimpigia Emmah. Yeye pia alikuwa mjamzito, mimba imeanza kuonekana. Joto la Jeddah ni la majimaji, simu ilikuwa inateleza mkononi. Nilikuwa namsimulia kisa cha wanja kwa mzaha, naiga sauti ya mama yake madam. Yeye akazungusha waya kwenye ndoana, akainama, akauma. Nikaona taya linafunga. Waya uliobaki akaubana kwa midomo, kama fundi wa nguo na pini zake, akachukua ndoana nyingine.

"Emmah, toa hiyo kitu mdomoni."

"Gani?"

"Huo waya. Ni risasi hiyo."

"Mum, kila mtu hapa anauma. Si hata wewe uliuma miaka yote?"

"Mimi niliuma uzi."

"Na nikazaliwa na akili zangu." Akacheka. "Ama?"

Nilimrudia maneno ya daktari, safari hii bila mzaha. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Akasema ule ni wanja wa Waarabu, huu ni waya wa kiwanda, uko kwenye kasha lake safi. Mwishowe akasema sawa, atatumia mkasi.

Tangu siku hiyo simu haikuegemezwa tena kwenye gundi. Aliishika mkononi, nikawa naona uso wake na mabati ya dari. Nikimuuliza mbona hafanyi kazi, anasema amepumzika. Mtu anayelipwa kwa dazeni hapumziki hivyo. Safari moja nilimwona anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, na upande wa pili kulikuwa na kitu.

Tuliporudi Riyadh niliunguza wali mara mbili. Madam akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. "Mafi, madam," nikamjibu, hakuna, nikaendelea kusugua sufuria.

Nikampigia Bonface. Siku hizi yeye ndiye msimamizi.

"Mama Emmah, umetupotea. Hao Waarabu wamekunenepesha?"

"Bonface, mtoe Emmah kwenye risasi."

"Hizo za shadi ndizo zinalipa. Nikimtoa, atakuja kunililia hapa."

"Ako na mimba."

"Naona. Mimi si kipofu."

"Anauma waya."

Nyuma yake nilisikia redio ya karakana. "Wote wanauma," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi watoe wote. Anza na wangu."

Kesho yake alimhamishia meza ya nzi wepesi, wale wa kuelea juu ya maji, uzi na manyoya peke yake. Wengine akawafungia mikasi kwa kamba mezani, na sijui kama wanaitumia. Emmah alinitumia ujumbe wa sauti. "Mum, umekaa huko unapanga maisha yangu kwa simu. Hapa wananiita mtoto wa mama. Usinipigie."

Sikupiga. Niliandika tu, kila siku, neno lilelile: nenda wakupime damu. Alama ikaonyesha amesoma.

Alipopiga, nilikuwa namenya viazi na madam yuko jikoni anatafuta maji baridi. Akaniashiria nipokee. Emmah alikuwa amekaa kwenye benchi, watu wanapita nyuma yake. Hakunisalimu.

"Wamenipima. Iko."

"Nyingi?"

"Daktari anasema si ya kunilaza, lakini haifai kuwa hapo. Nisishike tena ule waya. Nirudi wapime ikishuka." Akaisogeza simu karibu. "Mum, imemfikia mtoto?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari limefika mdomoni. Madam alikuwa ameegemea friji, mkono tumboni, Kiswahili hakijui lakini alikuwa ananitazama.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini umeacha?"

"Nimeacha."

"Kabisa?"

"Mum."

"Nauliza tu."

Alikuwa analia sasa, bila sauti, na hakuigeuza simu. Sikumkumbusha nilichomwambia Jeddah. Nilimuuliza kama amekula, akasema bado. Muuguzi akaita jina lake, akainuka bila kuikata simu, nikawa naona sakafu.