Watatu Kwenda Kuomba Visa ya Mmoja

Mlionisindikiza mnaijua sababu ya safari yangu, lakini nasikia wengine huko nyuma wanasema nilikimbia kuolewa, kwa hiyo naisema tena. Nilipata ufadhili wa kusomea kilimo cha mboga Ulaya. Chuo kiliandika wazi kwamba masomo yakianza sijafika, nafasi anapewa mwingine. Kilichobaki ni visa, na visa haiombwi kwetu Mgeta, inaombwa Dar es Salaam.

Fomu niliijazia Morogoro mjini. Palipoandikwa mzazi au mlezi nikamjaza Mjomba Pius, kaka wa mama, bila hata kufikiri. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakuzaa, anakulea, anakulipia ada, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Barua ya familia pia aliiandika yeye, kwa herufi kubwa: MIMI NDIYE MWENYE MTOTO NA NIMERIDHIA. Baba aliisoma, akasema imekaa vizuri.

Saa kumi na moja alfajiri, Mgeta. Nilijua nasafiri na mjomba tu. Kufika linapopakiwa lori la mboga, namkuta baba amesimama na suti aliyovaa siku ya kipaimara changu.

"Shikamoo baba. Na wewe unakwenda?"

"Marahaba. Sasa kabichi atabeba nani?"

Maana mjomba alikuwa ameamua kwamba kwa watu wenye nchi yao hatuwezi kwenda mikono mitupu. Kabichi sita, kubwa, zimechaguliwa moja moja. Mama alitufungia viazi vya kuchemsha, akatuwekea sawa kola zetu sote watatu, akarudi shambani kumwagilia.

Saa tatu tulikuwa Morogoro mjini. Mjomba alikaa mbele na dereva, mimi na baba juu ya magunia ya karoti, na zile kona za kushuka mlima mnazijua wenyewe. Kwenye treni ya umeme mjomba alipewa kiti kinachotazama tulikotoka, akakikataa. "Siendi Dar kinyumenyume," alisema, na abiria mmoja akabadilishana naye ili amani ipatikane. Baba alilala kabla hatujafika Ngerengere, au alijifanya amelala asijulikane kwamba yuko na sisi.

Dar tulifikia Temeke kwa Shangazi Getruda, dada yake baba, mtu asiyemwogopa yeyote.

"Mmekuja watatu kuomba visa ya mmoja?" aliuliza. "Na kabichi hizi za nani?"

"Za ubalozi," akajibu mjomba.

Shangazi alikaa chini kwanza, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akatoa hukumu: tatu za ubalozi, tatu za mchuzi. Mjomba alinuna, lakini alikula sahani mbili.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa getini. Mlinzi alizikataa kabichi na wazee kwa pamoja.

"Anaingia mwombaji peke yake."

"Mimi ndiye mwenye mtoto," mjomba akamfahamisha.

"Shikamoo mzee. Hata mwenye mtoto haingii."

Ndani, foleni ilisogea polepole hadi saa tano kasoro. Dirishani alikuwepo dada Mtanzania mwenzetu, mpole, miwani kwenye ncha ya pua. Alisoma barua ya mjomba mara mbili, akaniangalia kwa huruma.

"Pole sana. Cheti cha kifo cha baba kiko wapi?"

"Baba hajafa."

"Yuko wapi?"

"Yuko nje, amebeba kabichi."

Alivua miwani. Nikamweleza habari za ukoo, mama na mjomba, naye akasikiliza hadi mwisho. "Nimekuelewa mdogo wangu," alisema, "lakini anayeamua hapa haijui Uluguru. Ataona kuna baba amefichwa. Niletee barua yake kabla ya saa sita. Ukichelewa, utapanga miadi upya."

Nikauliza miadi mipya itakuwa lini. Alipoitaja tarehe, nikapiga hesabu: masomo yangekuwa na wiki mbili tangu yaanze. Nilitoka nje nataka kulia, na papo hapo nataka kugombana na mtu.

Nilipowaeleza wazee, mkaidi wa kwanza akawa baba. "Niandike mimi, na shemeji amekwisha andika? Nitakuwa sina adabu."

"Kwani yangu ina kasoro gani?" mjomba akauliza.

"Haina kasoro, mjomba."

"Basi."

Saa tano na nusu ilikuwa imepita. Hasira zilinipanda, lakini hasira hazimsogezi mjomba hata hatua moja, kwa hiyo nilizimeza. "Mjomba," nikasema, "mwenye kuniruhusu ni wewe. Mimi umekwisha niruhusu. Mruhusu na baba."

Mlinzi naye akaacha kazi yake akawa anatusikiliza. Kisha mjomba akavua kofia. "Shemeji, andika. Andika kama mwenyewe."

Meza hakuna. Mjomba akainama pale pale kando ya barabara akatoa mgongo, na baba akaandikia juu yake. Aliandika polepole, mjomba akimwuliza kila mara amefika wapi. Ilikuwa mistari miwili tu: Mimi ni baba yake mzazi. Aende akasome, arudi salama.

Alipomaliza hakunipa karatasi mara moja. "Neno hili sijawahi kuliandika mahali," alisema, akageuka upande akasingizia jua. Nilimpenda sana baba yangu saa ile. Kisha nilimpokonya karatasi nikakimbia, na dada wa dirishani aliipokea zikiwa zimebaki dakika nane. Kabichi alibaki nazo mlinzi.

Wiki tatu baadaye nilishuka tena Dar, safari hii peke yangu, nikarudi na pasipoti yenye visa. Nilifika Mgeta jua halijazama. Baba na mjomba waliishika pamoja, huyu upande huu na huyu ule, kila mmoja akimwonyesha mwenzake picha yangu. Mama alikuwa mferejini anaosha karoti.

"Barua ya mjomba wako waliisoma?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Waliisoma."

"Na ya baba yako?"

"Waliisoma pia, mama."

"Haya. Ukoo ni wangu, na tumbo ni langu. Mimi nani aliniuliza?"

Nilikuwa nimekwenda Dar mara mbili, nimejifunza foleni, fomu na miadi, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika ruhusa zote nilizozikimbilia, ya mama sikuwahi kuiomba. Nilipiga magoti kwenye tope la mfereji.

"Mama, niende?"

"Mimi sitaki uende," alisema.

Akaosha karoti moja, akaosha ya pili, akaiweka kwenye kapu.

"Nenda."