Mlango Nilioupaka Rangi Bangalore

Mwanangu, sogea karibu, maana hili nitakalokusimulia si la kujisifu. Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona haya mpaka leo, na kichwa chote hiki kimeshakuwa mvi. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, katika mji wa Bangalore kule India, napaka rangi mlango wa mama mmoja aliyenilisha miaka miwili. Mama huyo alikuwa na mdogo wake wa kike ambaye hawakuonana naye tangu wakiwa wasichana, na alikuwa anamsubiri. Mimi sikujua. Nilikuwa nafurahia rangi yangu tu.

Ngoja nianze vizuri. Miaka ile tuliiita miaka ya ruksa. Hapa Songea watu walikuwa wamechoka kupanga foleni ya sukari na sabuni, mara ghafla kila kona ina duka la mtu binafsi, kila kijana anajiita mfanyabiashara. Mimi nikapata nafasi ya kwenda kusoma mambo hayo hayo ya biashara India. Nilitoka nyumbani Ruhuwiko na begi moja. Mama alinifungashia unga wa mahindi na maharage, akaniambia nikifika nitafute mtu wa kunipikia kabla sijatafuta kitabu. Unga uliisha ndani ya mwezi, na hapo ndipo nilipojua njaa ya ugenini ikoje.

Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi, na chini yake palikuwa na mgahawa mdogo. Mabenchi manne, meza mbili, kuta nyeusi kwa moshi. Mwenyewe alikuwa mama wa Kitibeti. Nchi yao iko kule juu kwenye milima ya theluji, na wengi wao walikimbilia India zamani, wakati kwao kulipoharibika. Yeye alikuwa amekaa na mgahawa ule zaidi ya miaka thelathini, akipika chakula chao kiitwacho momo. Ni unga wa ngano uliokandwa na kusukumwa mwembamba, unatiwa nyama na vitunguu, unafinywa kwa vidole mpaka ufunge, kisha unapikwa kwa mvuke. Mimi niliuita sambusa iliyoogopa mafuta. Yeye kila mtu alimwita Ama, ambalo kwa lugha yao ni mama, nami nikamwita hivyo hivyo.

Usinicheke, lakini siku ya kwanza nusura nipasuke. Alinimiminia chai yao ya siagi na chumvi. Wewe unajua kwetu, mgeni akibakiza kinywaji kikombeni ni kama amemtukana mwenye nyumba. Basi nikajikaza, nikanywa yote. Akajaza tena. Nikanywa. Akajaza. Nilifika kikombe cha sita, jasho linanitoka, ndipo mzee mmoja mteja akanihurumia, akanieleza kuwa kwao kikombe kitupu maana yake bado unataka. Ama alicheka mpaka akajifuta machozi na aproni.

Tangu siku ile nikawa mtoto wa pale. Nikishuka asubuhi naamkia shikamoo kwa mazoea, naye akaniuliza maana yake, nikamfundisha aitikie. Marahaba yake ilikuwa na r mbili zaidi. Tulizungumza kwa Kiingereza cha kuombea maji, changu na chake, na mengine kwa mikono. Kabla hata ya habari ataniuliza kama nimekula. Siku za mvua nilikaa jikoni karibu na sufuria kubwa, mvuke unanipiga usoni, nikaona kabisa kama niko jikoni kwa mama yangu. Naukumbuka ule mvuke, mwanangu. Nimekula kwenye hoteli nyingi za maana baada ya hapo, na hakuna hata moja niliyoililia.

Sasa mlango wa mgahawa ule ulikuwa wa buluu, umechorwa samaki wawili weupe wanaotazamana. Rangi ilikuwa imebabuka vibaya. Nami, kichwa kimejaa masomo ya biashara, sikuacha kumsumbua.

"Ama, miaka yote hii mabenchi ni yale yale. Watu siku hizi wanataka vioo, wanataka maandishi makubwa. Huu mlango unafukuza wateja."

"Mlango ni mzuri," alisema, akaniongezea momo mbili kwenye sahani yangu.

Nilidhani ananikwepa kwa sababu ya ushamba. Ndiyo, nilimwona mshamba, mimi niliyetoka Ruhuwiko juzi. Sikuuliza kwa nini anaupenda mlango ule. Nilikwisha kujijibu mwenyewe.

Ulipofika mwaka mpya wao, Ama alifunga mgahawa akaenda kusali na wenzake kwenye makazi ya Watibeti, safari ya nusu siku kwa basi. Alikuwa akae wiki mbili. Ufunguo aliniachia mimi, nimwagilie maua yake mawili ya kwenye makopo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, maua mawili. Alipopanda basi nikaenda kutafuta rangi ya kijani, nikaazima ngazi. Nilikwangua samaki wale kwa msasa mpaka mbao ikawa safi, nikapaka kijani, na juu yake nikaandika kwa Kiingereza kuwa hapa ni mgahawa wa kisasa. Nilikuwa najiona nampa zawadi.

Siku ya nne, nikiwa bado namalizia herufi, alikuja mtawa wao mmoja wa kiume, wale wanaovaa shuka la rangi ya damu ya mzee. Viatu vyake vilijaa vumbi. Aliutazama mlango, akatazama maduka ya jirani, akarudi tena kwenye mlango. Hakujua Kiingereza wala lugha ya mji ule, na mimi ya kwao sikuijua. Akaniuliza neno moja tu.

"Dolma?"

Nilimjibu kwa kichwa kuwa hakuna Dolma hapa. Akainua kiganja, akakichezesha hewani kama samaki anayeogelea, akaonyesha vidole viwili. Mimi nikacheka. Nilidhani anataka samaki wa kula. Nikamfanyia ishara kuwa hapa samaki hakuna, aende mbele. Akaunganisha mikono kuniaga, akaelekea stendi. Nikarudi kwenye brashi yangu.

Ama aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri kusifiwa.  Aliweka mfuko wake chini, akapitisha kiganja kwenye mbao pale samaki walipokuwa. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akaniita nikae, akanieleza kile ambacho kwa miaka miwili sikuwa nimekiuliza.

Alipokimbia kwao alimwacha mdogo wake, aliyebaki kumuuguza mama yao. Barua hazikupita. Basi kila msafiri aliyesikia anaelekea kule milimani alimpa maneno ya kupeleka, kwamba yuko Bangalore, nyuma ya stendi ya mabasi, mlango wa buluu wenye samaki wawili weupe. Mlango wa nyumba ya baba yao ulikuwa hivyo hivyo.

"Mdogo wangu hajui kusoma," alisema. "Mlango anaujua."

Mwanangu, hapo nikamkumbuka yule mtawa. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ile ya vikombe sita.

"Ama, jina lako nani?"

"Dolma."

Nilimweleza habari ya mtawa.  Alinyanyuka na viatu vyake vya safari akakimbia kuelekea stendi, mama wa umri ule, nami nyuma yake. Tuliuliza kila dereva. Mtu alikuwa ameondoka siku kumi zilizopita, nani angemkumbuka? Kesho yake asubuhi niliupaka mlango buluu mwenyewe, na samaki akawachora yeye.

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia kuwa kwetu Songea mtoto hamuulizi mkubwa jina lake, ni utovu wa adabu. Tunaita mama, tunaita baba, inatosha. Na hilo ni kweli, hata wewe unajua.

Akaniuliza, "Na mlango je? Nao ni mkubwa wako?"

Nikainama kuosha brashi. Ndipo akasema, bila ukali wowote, "Hukufanya kwa ubaya. Lakini umekula kwangu miaka miwili, na hujaniuliza hata neno moja." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenichapa.

Ilipita miezi minne. Mchana mmoja nimekaa na sahani yangu, yule mtawa akaingia. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa jino, akaona samaki. Walizungumza kwa lugha yao, nikamwona Ama anashika meza kwa mikono miwili. Nilitaka kuinuka nijue kuna nini. Akaniashiria nimalize kula. Kwetu pia mtu hapewi habari nzito tumbo tupu, kwa hiyo nilielewa, nikala momo zile bila kusikia ladha.

Nilipomaliza akanieleza. Mdogo wake alikuwa amevuka milima kuja kuhiji kaskazini mwa India, ana ruhusa ya majuma machache tu. Alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza kufika huku kusini, akamtuma mtawa huyu aje amtazamie mlango. Mtawa alimpelekea jibu kwamba mlango huo haupo, na kijana Mwafrika aliyekuwa pale amesema Dolma hayupo. Mdogo mtu akalia, akajua dada yake amekwisha kufa. Akarudi kwao.

"Lakini yu hai," Ama aliniambia, na machozi yanamtoka. "Ana watoto watatu." Alinishika kichwa kwa mikono yake yenye unga, akanifariji mimi, mimi niliyemkosesha. Nililia pale kama mtoto mdogo, wateja wakinitazama.

Nilimaliza masomo nikarudi nyumbani. Sijui kama wale ndugu walionana. Nimeuliza waliokwenda kusoma kule baadaye, wakaniambia mgahawa ulikuwepo na mlango ulikuwa buluu, ila hakuna aliyenijibu lile ninalotaka kujua. Nimeishi nalo hivyo hivyo.

Jambo la kwanza nililofanya nilipofika Ruhuwiko ni kumuuliza mama yangu jina alilopewa kabla wamisionari hawajambatiza. Alishangaa, akanicheka, kisha akaacha kuchambua maharage akakaa chini. Akanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia, na aliyempa, na kwa nini. Alizungumza mpaka jua likazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukikuta kwa mzee kitu kimechakaa na hujui kwa nini bado kipo, usikiguse kwanza. Muulize. Pengine atakuambia ni uvivu tu, mkakitupe pamoja mkicheka. Pengine kuna mtu anakitegemea kurudi nyumbani. Na heshima tuliyofundishwa ni nzuri, ishike, lakini usiifanye sababu ya kutowajua watu. Kumwita mtu mama ni rahisi. Kazi ni kujua yeye ni nani, ametoka wapi, anamsubiri nani. Bibi yako anayekupikia kila siku pale Mjimwema, unaweza kunitajia jina lake?

Nenda kamuulize leo, wakati bado anaweza kukujibu. Mungu akupe umri mrefu na watu wa kukulisha ugenini. Na siku mtu atakapovuka milima kukutafuta wewe, Mungu amjalie akutane na mtu anayelijua jina lako.