Msomi wa Neno Moja Ukweni Mkuyuni

Shule niliiacha kidato cha pili, ila hamu ya kujua kila kitu ikanifuata. Nimeuza mitumba, nimepaka mitumbwi rangi, na kote sikudumu. Nilipokuwa napakia dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, nilinunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi iliyochanwa katika kamusi nene ya Kiingereza. Karatasi nzima ilihusu kitenzi kimoja: "set". Karanga nilizimaliza palepale. Karatasi niliisoma mpaka ikatoboka.

Kwa neno hilo jua huzama. Meza huandaliwa, mfupa uliovunjika hurudishwa mahali pake, zege hushika. Na asili yake, iliandikwa, ni lugha za kale za kaskazini mwa Ulaya: kumfanya mtu akae. Basi nikajiona msomi. Wapakiaji wenzangu wakaanza kunikwepa wakati wa chai.

Kisha nikampenda binti wa Kihaya ambaye baba yake ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Siku ya kujitambulisha kwao Mkuyuni, mwenye nyumba wangu, aliyekubali kuwa mshenga, alinionya njiani:

"Leo naongea mimi. Wewe ukiletewa kahawa, tafuna, nyamaza. Ukiharibu, huyu binti humpati."

Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile Wahaya humkaribishia mgeni, kilipopita, sikuchukua hata punje. Nilitaka mdomo uwe tayari. Mshenga alieleza vizuri tulichofuata, mpaka mzee alipomuuliza, "Na kijana wako anafanya shughuli gani?"

Mshenga akavuta pumzi. Mimi nikasimama.

"Baba, mimi ni mtafiti wa lugha."

Nikahisi shati likivutwa kwa nyuma. Nikaendelea: jua, meza, mfupa, zege, Ulaya ya kaskazini. Mzee akavua miwani.

"Na 'set off' je?"

"Hiyo, baba... hiyo ilikuwa karatasi ya pili. Muuza karanga alimfungia mtu mwingine."

Shangazi wa binti akapiga makofi. "Jamani! Mkwe gani anajisemea mwenyewe? Huyu kanisani si atajifungisha ndoa bila padri!"

Nyumba nzima ikacheka. Mchumba wangu, aliyekuwa amechungulia mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Yeye hakucheka.

Mzee akamgeukia mshenga, mimi akanipita kama kiti. "Mrudi Jumapili ijayo, tuanze upya. Na huyu aje kukaa."

Jumapili ile kahawa niliianza mlangoni. Mshenga alizungumza, mimi nikatafuna. Katikati ya mazungumzo mzee akaniinamia, kwa upole kabisa:

"Kijana, hebu tuambie asili ya neno 'put'."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa la kutunga, lakini zuri sana. Nikatazama zulia, nikaongeza punje nyingine mdomoni, machozi yakinilenga.

Shangazi akapiga kigelegele.