Mashine Iliyokataa Watu wa Gikonyo

Redio ya Warigia ilikuwa na tabia ya kukatika kila ilipoguswa, kwa hiyo usiku ule aliiacha juu ya kabati la vyombo akaketi mbali nayo, shuka mabegani, akisubiri habari. Hakuwa akimsubiri rais. Yeyote ambaye angetangazwa angeamka huko Nairobi na kunywa chai yake bila kujua kama kuna mwanamke wa Tetu anayeitwa Warigia. Alikuwa akimsubiri bintiye, Anita. Siku ya kura Anita alikuwa karani wa mashine ya kusoma alama za vidole katika shule ya msingi pale kijijini. Kura zilipokwisha kuhesabiwa alikwenda na wenzake mjini Nyeri, kwenye ukumbi wa kujumlishia, na tangu jioni simu yake ilikuwa haipatikani.

Redioni walikuwa wakizungumza juu ya seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi matokeo. Wengine walitaka ifunguliwe, wengine walisema haifunguliwi ovyo, na Warigia aliiwazia kama ghala la chuma lenye kufuli kubwa, ingawa Anita alikuwa amemweleza kwamba haifanani na ghala hata kidogo. Bwana mmoja aliyealikwa kuchambua mambo alikumbusha kwamba hata Amerika watu walikataa matokeo wakavunja milango ya bunge lao wenyewe. Mwenzake akaleta habari za Malawi, ambako majaji walifuta uchaguzi kwa sababu tarakimu zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kusahihishia na kuandikwa upya. Warigia alisikiliza kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha wilaya nyingine. Wazo moja tu lilimkaa kichwani. Amerika walikuwa na mashine wakagombana, na Malawi walikuwa na karatasi na wino wakagombana vilevile. Alitamani kumwambia mtu wazo hilo, lakini mle ndani hamkuwa na mwingine ila paka.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa karibu zaidi. Shemeji yake, Gikonyo, aligombea uwakilishi wa wadi. Jioni ile ilitangazwa kwamba ameshindwa, tena kwa kura chache sana. Wenye kura hizo wangeenea kwenye viti vya mbele vya kanisa. Gikonyo alirudi kutoka mjini akasimama mbele ya duka la Theuri, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua akasema kwamba ameibiwa na mashine, na kwamba mashine hiyo ilikuwa mkononi mwa mtoto wa kaka yake. Mtoto huyo, alisema, asikanyage kwake tena.

Maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine, Warigia angeyaacha yapite. Lakini mumewe, Simeon, alifariki Anita akiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo Gikonyo ndiye aliyekuwa baba. Zaidi ya hayo, kwa kuwa alikuwa binti wa kwanza, Anita alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, Wachuka. Kwa hiyo Gikonyo hakumwita Anita hata siku moja. Alimwita maitu, yaani mama yangu, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akimletea viatu vya shule husema anamvisha mama yake, na akimkaripia humwomba radhi kabla jua halijatua, kwa sababu mama hakaripiwi.

Na Jumamosi wageni walikuwa wanakuja. Wazee wa Kinuthia, kijana wa Kagio mwuza nyanya sokoni aliyetaka kumwoa Anita, walikuwa wametuma ujumbe kwamba wanataka kulijua boma. Ziara ya namna hiyo haipokelewi na mama mjane peke yake. Wangeketi, wangenywa uji, kisha mmoja angeuliza baba wa msichana yuko wapi. Hapo Warigia angesema nini? Kwamba baba yuko ng'ambo ya ua, amefunga mlango?

Anita aliingia alfajiri, ameletwa na bodaboda, viatu mkononi, macho mekundu. Alikuwa amekaa foleni ya kurudisha mashine. Warigia alimpa chai kwanza, akamwacha ameze, ndipo akamweleza yaliyosemwa dukani kwa Theuri. Anita hakulia. Alisema anajua, na kwamba ajabu ni kuwa wanaosema mashine iliwakataa watu wa baba Gikonyo wanasema kweli.

Akaeleza. Wiki moja kabla ya kura, Gikonyo alikuwa amegawia akina mama wa kijiji makopo ya mafuta ya kukamulia ng'ombe, yenye picha yake kwenye kifuniko. Mwanasiasa wa mahali pengine angegawa kanga au unga, lakini Gikonyo alikulia Tetu na alijua watu wake. Mafuta yale hayamalizwi na ng'ombe peke yake. Kwa baridi ya mwezi wa nane, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mlangoni, ndiyo hupakwa mikononi, usoni, kwenye magoti ya watoto. Asubuhi ya kura, kila mwanamke aliyempenda Gikonyo aliamka, akakamua, akapeleka maziwa, akavaa nguo ya kanisani, kisha akajipaka mafuta ya Gikonyo mpaka akang'aa. Wakafika shuleni wakaweka vidole kwenye kioo cha mashine. Mashine haikuona kidole. Iliona utelezi.

Anita alifuta kioo, akafuta vidole kwa kitambaa. Wengine wakakubaliwa, wengine wakakataliwa tena. Hao aliwaambia wakanawe kwa sabuni, au wasubiri kando watafutwe kwa namba ya kitambulisho, jambo ambalo sheria inaruhusu. Wengi walisubiri wakapiga kura. Wachache waliona haya kusimamishwa kando mbele ya watu, wakasema watarudi baadaye. Wapinzani wa Gikonyo hawakuwa na kopo, kwa hiyo walipita na mikono yao mikavu iliyopasuka.

Warigia aligeuka akatazama rafu. Gikonyo alikuwa pale, kwenye kifuniko, ametabasamu.

"Mwambie," Warigia alisema.

"Nimwambie ati alijishinda mwenyewe?" Anita aliuliza. "Mum, hata wewe haungemwambia."

Ilikuwa kweli. Wala hakuna ambaye angeamini. Asubuhi hiyohiyo, mahali pa kukusanyia maziwa, Theuri alikuwa akiwachekesha watu waliokuwa wakisubiri gari. Alisema mashine ya Anita ina pua: ikikunusa na harufu ya Gikonyo inakutema. Mzee mmoja akasema mashine hizo zinaongozwa kutoka Ulaya, na huko Ulaya wanamjua Gikonyo kwa jina. Watu walicheka, lakini walipomwona Warigia na mkebe wake waligeuka wakajifanya wanatazama barabara.

Watiri, mke wa Gikonyo, aliyeitwa pia Mama Mwai kwa jina la mwanawe, alisimama mwisho wa foleni, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa sweta. Warigia alimsalimu. Watiri aliitika bila kumtazama. Zamu yake ilipofika, alilazimika kuinua mkebe kwa mikono miwili, na Warigia, ambaye kutazama ni kazi yake tangu awe mjane, aliona kidole. Kila mtu mzima pale alikuwa na alama nyeusi ya wino wa kupigia kura kwenye kidole kidogo cha kushoto, ile isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Cha Watiri kilikuwa safi.

Walirudi wakifuatana kwenye kijia kati ya mashamba ya majani chai. Watiri ndiye aliyesimama kwanza.

"Mama Anita, usiangalie hiyo kidole yangu."

"Nimeshaangalia."

Basi Watiri akasema yote, polepole, akitazama majani chai. Alikuwa amejipaka mpaka viwiko. Mafuta ni ya bwanake, angeyaacha vipi? Mashine ilimkataa mbele ya foleni nzima, na Anita, mtoto aliyemwogesha yeye mwenyewe, akamwambia asogee kando anawe. Aliona aibu. Tena nyumbani alikuwa ameacha sufuria mbili za njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, jikoni kwa ajili ya wageni wa ushindi. Akasema atarudi mchana. Wageni wakaanza kuja mapema, na aliposhtuka milango ya shule ilikuwa imefungwa.

"Na wale wengine?" Warigia aliuliza.

"Walinifuata. Waliona bibi ya mheshimiwa ameenda zake, wakasema hata wao watarudi na mimi."

Gari la maziwa lilipita juu barabarani.

Warigia alijua kwamba angeweza kuingia kwa Gikonyo muda uleule na kusema maneno machache, naye Anita angekuwa maitu tena kabla ya chakula cha mchana. Alijua pia nini kingebaki katika nyumba ya Watiri baada ya maneno hayo. Alihamisha mkebe kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Mimi sitasema," alimwambia. "Lakini Jumamosi wazee wa Kagio wanakuja, Mama Mwai. Unajua nani anapaswa kuwapokea."

Watiri alirudisha mkono mfukoni akaenda zake.

Siku zikapita. Gikonyo hakutoka. Ilisemekana anatafuta wakili, na kwamba jina la Anita litatajwa mahakamani. Redio iliendelea na seva yake. Ijumaa jioni Warigia alimwambia bintiye ajifunge leso, wakavuka ua pamoja. Hakuwa na mpango wowote. Aliona tu kwamba ikiwa mlango utabaki umefungwa, ni heri wauone umefungwa leo kuliko kuuona kesho mbele ya wageni.

Anita alibisha. Ndani televisheni ilikuwa ikipiga kelele.

"Ni nani?" sauti ya Gikonyo iliuliza.

"Ni Anita, baba."

Chini ya mlango palikuwa na mstari wa mwanga, na Warigia aliona kivuli cha miguu kikija, kikasimama, kikarudi. Televisheni ikaongezwa sauti. Mtu fulani alikuwa akieleza kwamba ukweli wote uko ndani ya mashine. Anita alitaka kuondoka, Warigia akamshika mkono.

Kisha televisheni ilizimwa. Wakasikia sauti ya Watiri, ya chini, isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesali. Ilisema kwa muda mrefu. Gikonyo aliuliza kitu kimoja. Sauti ya Watiri ikasema tena, kidogo tu, ikaisha.

Komeo lilivutwa. Gikonyo alisimama mlangoni na sweta ya nyumbani, mzee kuliko kwenye kifuniko. Nyuma yake Watiri alikuwa ameketi, mikono yote miwili mezani, wazi. Gikonyo alimtazama Anita viatu, kisha leso, na mwishowe uso.

"Hiyo seva bado wataifungua," alisema. Alisogea kando, akaufungua mlango mpaka mwisho. "Ingia, maitu. Baridi inaingia."