Tulimsamehe Kosa Ambalo Hakulitenda

Sauti ya kisu chake naisikia mpaka leo: kro, kro, kro, kikiparua magamba ya sato kutoka mkiani kwenda kichwani, haraka, bila kuchana nyama. Meza yake ilikuwa ya pili kutoka kwangu pale sokoni Igogo, yeye akikaanga samaki, mimi nikikaanga chapati na kuiandika safu hii mapajani wateja wakipungua. Jumanne tukaletewa habari kwamba amefariki huko kwao Misungwi, alikopelekwa na dada yake. Wasomaji wangu mmenizoea kwa vichekesho na ndoto zangu za mgahawa wenye viti vya kuzunguka. Leo mnisamehe, au msinisamehe. Neno lenyewe limenichosha, na mtaona kwa nini.

Ilianza na harufu. Asubuhi moja alichukua samaki waliotoka ziwani muda huohuo, macho yao bado yanang'aa, akawamwaga jalalani. Akasema wameoza. Kesho yake vilevile. Tukafanya mchezo wetu wa sokoni, kila mmoja anamwinua samaki na kumnusa. "Dada, huyu ukimrudisha majini anaogelea," nikamwambia, na meza zote zikacheka. Muuza dagaa akadakia, "Mimba hiyo. Pua ya mjamzito haina adabu." Yeye hakucheka. Ukweli ni kwamba alikuwa hajacheka tangu mvua za masika, alikuwa amekonda, halali, anashinda na kanga ileile siku tatu, na sisi tulishaona tukanyamaza. "Mdogo wangu," akaniambia taratibu, "siyo samaki. Ni mimi. Nimeoza ndani, na nyie mnajua, mnanificha tu." Nikamletea sabuni ya kunukia. Sabuni, jamani. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Kisha akaanza kuungama. Muuza nyanya wa upande wa pili alikuwa amefiwa na mtoto miezi mingi nyuma, kwa malaria, na msibani sote tulikwenda. Huyu dada akasema yeye ndiye aliyemuua kwa samaki wake. Akasema kuna sauti inamtajia jina la mtoto kila anapowasha jiko. Mtoto yule hakuwahi hata kuonja samaki wa meza ile. Lakini wateja walisikia, wakaanza kupita mbali, na hofu ya biashara ikatuingia. Ndipo kikundi chetu cha wauzaji kikafanya jambo tunalojivunia kuliko yote, kikao cha upatanisho. Tukamkalisha katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenyekiti akamwambia, "Dada, omba radhi yaishe, watu wafanye kazi." Akapiga magoti. Muuza nyanya akamwekea mkono kichwani, "Nimekusamehe." Vigelegele vikapigwa. Changu kilikuwa kirefu kuliko vyote, mimi ninayependa mambo yaishe vizuri.

Tangu siku ile hakutia chakula kinywani. Alisema hastahili, na kwamba kikiingia kinaozea humo humo. Mnaelewa tulichofanya? Labda kulikuwa na kauzi kembamba kamebaki ndani yake, kanakomwambia pengine sikuua, na sisi tukakakata mbele ya mashahidi. Jumanne hiyohiyo ya habari za kifo nilimfuata muuza nyanya. "Ulijua ni malaria?" "Nilijua." "Sasa ulimsamehe nini?" Akaendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu. "Nilitaka anyamaze. Kila siku ananitajia mwanangu. Wewe ungefanyaje?" Hasira ninayo, ila kila nikitaka kumrushia yeye inanirudia.

Dada yake alipomfikisha hospitali, hakuweza tena kusimama. Nilikwenda kumwona mara moja. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alinikalisha kwenye benchi akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sababu nilimwambia shule yangu iliishia kidato cha nne. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kuu, ikiwa kali sana, alisema, inaweza kumfanya mtu asikie sauti, anuse harufu na kuamini mambo yasiyokuwepo, na mara nyingi mambo hayo humshtaki yeye mwenyewe: umeua, umeoza, hustahili kula. Nikamwuliza, "Ningemwambia nini?" "Usimbishie, maana hiyo harufu anaisikia kweli. Wala usimkubalie. Mwambie naona unateseka, twende hospitali leo, na umsindikize. Dawa zipo, wengi wanapona." Walimwanzishia dawa. Siku ya tatu alikunywa uji nusu kikombe. Lakini mwili ulikuwa umekwisha, na nimonia ilipokuja ilimkuta hana nguvu ya kushindana nayo.

Nanyi wenzangu wa sokoni, jana kwenye kundi letu la simu mmeandika kwamba alikuwa na pepo, mwingine kaandika kwamba alirogwa kwa ajili ya wateja wake, na mmoja, naye ninamjua, kaandika "angalau alitubu." Alitubu nini? Mtu akivunjika mguu hatumwitii kikao, hatumwambii aombe radhi. Huyu tulimwitia mwenyekiti, tukamwitia watu wa maombi, yupo hata aliyemletea dawa ya miti kutoka Buhongwa. Bajaji ya kwenda hospitali hakuna aliyeita. Msiniambie hamkujua. Mimi pia sikujua, na kutojua kwetu sasa kuna kaburi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha. Aliyatangaza sokoni asubuhi kweupe, tukayaita dhambi. Kwa hiyo mkimwona mtu anajishtaki kwa jambo ambalo hakulitenda, acheni huruma yenu ya vikao. Hakuombi msamaha huyo, anaumwa.

Mimi ndiye katibu wa kikundi, kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka. Leo asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nimefungua daftari la mihtasari kwenye ukurasa wa kikao kile. Upo mstari nilioandika mwenyewe, kwa herufi nzuri za kujidai: "Mhusika amekiri na amesamehewa." Sikuufuta, ili tujione tulivyokuwa. Chini yake nimeandika, "Hakuwa na kosa. Alikuwa mgonjwa." Nikaweka sahihi yangu, nikaliacha daftari wazi juu ya meza ya mwenyekiti, na jiwe dogo pembeni upepo usiufunge ukurasa.